Vazi, Mwili na Jicho la Mtazamaji: Mjadala wa Nguo za Watoto Ukitazamwa Kutoka Momba

Tarehe 1 Juni 2021, Mbunge wa Momba, Condester Sichalwe, aliamriwa na Spika Job Ndugai atoke ukumbini Dodoma akavae vizuri. Mbunge wa Nyang'hwale, Hussein Amar, alikuwa amelalamikia suruali yake, na wabunge wanawake kadhaa waliupinga uamuzi huo waziwazi. Jimbo lililobaki bila mwakilishi ukumbini ndilo lenye kata ya Msangano, na tukio hilo linatupa pa kuanzia tunapotafakari mjadala unaoonekana kuwa wa mbali mno na bonde la Momba: mjadala wa nguo zinazouzwa kwa ajili ya watoto wanaojitambua kwa jinsia tofauti na ile waliyozaliwa nayo. Nashikilia kwamba lipo vazi linalotenda jambo katika mwili wa anayelivaa, na lipo vazi linalotenda jambo machoni mwa anayelitazama. Mjadala wa sasa umeyachanganya mawili haya. Matokeo yake ni kwamba mtoto anakosa ulinzi pale anapouhitaji, na anaadhibiwa pale ambapo hajakosa.

Mei 2023, kampuni ya maduka ya Target nchini Marekani iliondoa baadhi ya bidhaa zake za mwezi wa Pride, maadhimisho ya watu wa LGBTQ ambayo alama yake ni upinde wa mvua, baada ya wafanyakazi wake kutishiwa. Mitandaoni ilikuwa imevuma kwamba maduka hayo yanawauzia watoto nguo za kuogelea zilizoshonwa kuficha maumbile ya kiume. Shirika la habari la Associated Press lilipofuatilia, lilikuta nguo hizo zimetengenezwa kwa saizi za watu wazima tu. Nguo za watoto zenye rangi za upinde wa mvua zilikuwapo kweli, ila hazikuwa na mshono huo. Sifa ya vazi la mtu mzima ilihamishiwa kwenye fulana ya mtoto, na waliokasirika hawakuona haja ya kusoma lebo. Januari mwaka huohuo, mamlaka za Entebbe, Uganda, ziliamua kupaka upya mnara katika bustani ya watoto kwa sababu wazazi walilalamikia rangi zake za upinde wa mvua. Huko hata kitambaa hakikuwapo. Rangi peke yake zilitosha kuwa shitaka.

Tanzania ina historia yake katika jambo hili, nayo inafundisha zaidi kuliko habari za Marekani. Oktoba 1968, Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, iliyopangwa kuanza Januari 1969, dhidi ya sketi fupi, mawigi, vipodozi vya kujichubua na suruali za kubana. Kabla hata siku hiyo haijafika, wanawake walishambuliwa mitaani Dar es Salaam kwa sababu ya mavazi yao. Wakati huohuo, serikali ilikuwa ikiwashinikiza Wamasai waache lubega wavae suruali kama raia wa taifa la kisasa. Tuyaweke pamoja: kijana wa mjini aliambiwa suruali yake inasaliti utamaduni wa Kiafrika, na mwanamume wa Kimasai wa Monduli aliambiwa kukosa kwake suruali kunaliaibisha taifa la Kiafrika. Vazi lilelile lilikuwa kosa huku na wajibu kule. Maana haikuwa ndani ya kitambaa. Aliyeiweka ni mwenye mamlaka ya kutazama, na aliyeilipia kwa mwili wake ni mvaaji. Miaka hamsini na zaidi baadaye suruali ililalamikiwa tena, safari hii bungeni.

Huenda mtu akasema kwamba hayo ni ya watu wazima, na kwamba jinsia ya mtoto haina budi kuwekewa alama mapema. Lakini alama hizo zenyewe hazijatulia popote. Franklin Roosevelt, aliyekuja kuwa Rais wa Marekani, alipigwa picha mwaka 1884 akiwa na nywele ndefu na gauni jeupe, kama walivyovikwa wavulana wadogo wa zama zake, na pwani yetu mwanamume mwenye heshima huvaa kanzu hadi kwenye vifundo vya miguu. Sokoni ushahidi uko wazi zaidi. Watoto wengi nchini huvaa mitumba. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa hatua kwa hatua, lakini Tanzania ikalegeza msimamo baada ya Marekani kutishia kuiondolea upendeleo wa kibiashara wa AGOA. Belo linapofunguliwa, mzazi mwenye fedha kidogo hutazama saizi, uimara na bei. Fulana ya waridi iliyoshonewa msichana wa ughaibuni humfikia mvulana wa Songwe, mkoa wenye Momba, naye huchungia mbuzi ndani yake bila kubadilika chochote.

Pingamizi zito linatoka upande wa tiba, nalo lina haki ya kusikilizwa. Zipo nguo za kubana kifua ambazo huvaliwa na baadhi ya vijana waliozaliwa wasichana, na zinaweza kusababisha maumivu na shida ya kupumua. Mwaka 2022 shirika la hisani la Mermaids nchini Uingereza lilichunguzwa na msimamizi wa mashirika hayo kufuatia taarifa kwamba lilituma nguo za namna hiyo kwa watoto bila wazazi kujua. Hapa nakubaliana na wenye wasiwasi: vazi linalobana mbavu za mtoto ni suala la afya, na daktari na mzazi hawapaswi kufichwa. Daktari Hilary Cass, katika mapitio ya huduma za jinsia kwa watoto nchini Uingereza yaliyokamilika mwaka 2024, alionya pia kwamba kumtambulisha mtoto mdogo kijamii kwa jinsia nyingine si jambo la kulichukulia wepesi. Hata hivyo, alichopendekeza ni familia ipate msaada wa kitaalamu mapema. Hakuna katika hoja hiyo kinachohalalisha kumzomea mtoto au kuchoma fulana. Mwenye hofu juu ya mbavu akimalizia hasira yake kwenye rangi, mbavu zinabaki bila mtetezi.

Lipo pia pingamizi la maadili na sheria za nchi. Lakini Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yenyewe inataka maslahi bora ya mtoto yatangulie katika kila uamuzi unaomhusu, na inakataza kumbagua kwa misingi ya jinsia. Mwalimu wa Msangano akiisoma kwa makini atakuwa na maswali mawili tu ya kuuliza juu ya vazi la mwanafunzi: je, linamuumiza, na je, kuna anayemuumiza kwa sababu yake? La kwanza litampeleka zahanati pamoja na mzazi. La pili litampeleka kwa wanaomcheka mtoto huyo, hata kama ni walimu wenzake.