KIINGILIO PENI 1: WATU WA KUSIMAMA WALIOBEBA MAIGIZO YA LONDON ENZI ZA MALKIA ELIZABETH WA KWANZA

Siku hizi mtu akitaka burudani anashika simu tu, bando likiwepo mambo yanakwenda. Lakini wadau, zaidi ya miaka 400 iliyopita kule London, burudani kubwa ya mjini ilikuwa maigizo ya jukwaani. Na waliokuwa wanajaza majumba hayo wengi wao sio matajiri, ni watu wa kawaida kabisa wa kiingilio cha peni 1.

Malkia Elizabeth wa Kwanza alitawala Uingereza kuanzia 1558 hadi 1603. Mwanzoni waigizaji walikuwa wanacheza kwenye nyua za nyumba za wageni. Mwaka 1576 likajengwa jumba lililoitwa The Theatre, likaja Rose 1587, halafu Globe 1599, lile ambalo Shakespeare alikuwa na hisa zake.

SIKU YA SHOO

Bendera ikipandishwa juu ya jumba, ujue leo kuna mchezo. Kwa Globe na Rose, watu walivuka mto Thames kwa boti, au kwa miguu kupitia daraja, maana lilikuwa moja tu mjini. Shoo ilianza kama saa 8 mchana, kwa sababu umeme hakuna, taa ni jua. Tarumbeta likilia, kelele zinapungua.

Mlangoni unatoa peni 1, inadumbukizwa kwenye kibubu cha udongo. Hiyo ni tiketi ya mzunguko: unasimama uwanjani mbele ya jukwaa, juu hakuna paa, mvua ikinyesha ni yako. Ukiongeza peni nyingine unapanda ghorofani kukaa kwenye benchi chini ya paa. Ukiongeza ya tatu unapata mto wa kukalia. Jumba likijaa linaweza kubeba watu kama 3,000.

Hapo chini watu wanakula matufaa, njugu na chaza, bia inashuka, na vibaka nao wapo kazini. Mwaka 1989 wataalamu walipochimba mabaki ya Rose, walikuta maganda ya njugu kibao. Wanawake walikuwepo kwenye watazamaji, ila jukwaani hapana. Kina dada, mabibi harusi, malkia, wote walichezwa na vijana wa kiume waliovalishwa magauni.

Na mashabiki hawakuwa wapole. Mchezo ukiwakosha wanashangilia, ukiboa wanazomea hadi basi. Kampuni moja iliweza kuonesha mchezo tofauti karibu kila siku ya wiki, na ule usioingiza watu unawekwa kando. Kwa hiyo mwandishi alikuwa hana ujanja, ilibidi amguse bwana mkubwa wa ghorofani na mbeba mizigo aliyesimama chini, wote kwa mpigo.

PENI 1 SIO NDOGO

Usione peni 1 ukadhani ni bure. Kibarua wa London miaka ile alipata kama peni 8 hadi 10 kwa siku. Kijana anayejifunza ufundi ndiyo kabisa, kwa kawaida alipewa chakula na pa kulala tu kwa bosi wake. Halafu katikati ya miaka ya 1590 mavuno yakawa mabaya mfululizo. Mkate wa peni 1 ukabaki na bei ile ile, ila ukawa unapungua uzito. Kwa hiyo mtu alikuwa anachagua: mkate au mchezo. Na bado walikwenda.

WAKUBWA HAWAKUTAKA

Viongozi wa jiji walilalamika kwamba maigizo yanawatoa vijana kazini, yanaleta fujo na kusambaza magonjwa. Ndiyo maana majumba mengi yalijengwa nje ya mamlaka yao, mengine jirani na viwanja vya kupiganisha dubu na mbwa. Sheria ya 1572 nayo ilisema mwigizaji asiye na bwana mkubwa wa kumlinda ahesabiwe mzururaji, na adhabu ilikuwa kali.

Kwenye magonjwa hawakukosea sana, msongamano ule ni hatari. Tauni ilipopiga, majumba yalifungwa kwa sehemu kubwa ya 1592 hadi 1594, na London ilizika maelfu ya watu. Yalipofunguliwa, watu wakarudi na peni zao. Mwaka 1597 serikali ikaamuru majumba yavunjwe, lakini amri haikutekelezwa.

Majina ya wengi waliosimama pale hayakuandikwa popote. Yaliyobaki ni maigizo waliyoyalipia. Globe mpya ilifunguliwa 1997, karibu na ilipokuwa ile ya zamani, na mpaka leo sehemu ya kusimama ipo, haina paa, na tiketi yake ndiyo ya bei ya chini.

Haya mdau, mfukoni una peni 1 na tumbo linanguruma. Unanunua mkate, au unavuka mto?