Mradi wa mwaka wa nne: kutoka Cambridge hadi Kakamega

Mwanafunzi wa sayansi ya kompyuta nchini Kenya hufanya mitihani mingi katika miaka yake 4 ya chuo kikuu, na mingi huisahau kabla matokeo hayajatoka. Mradi wa mwaka wa mwisho hausahau. Hutafuta tatizo, humpelekea msimamizi pendekezo, hujenga mfumo kuanzia mwanzo hadi mwisho, huandika ripoti, kisha husimama mbele ya jopo la wahadhiri kuutetea. Katika Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Masinde Muliro, kando ya barabara itokayo Kakamega kwenda Webuye, makomredi wa mwaka wa nne hupitia njia hiyo hiyo. Ni njia yenye historia ndefu kuliko chuo chenyewe.

Mwaka 1953 Chuo Kikuu cha Cambridge nchini Uingereza kilianzisha diploma ya mwaka mmoja ya kompyuta, kozi ya kwanza ya aina yake duniani. Wakati huo kuandika programu ilikuwa kazi ya watu wachache waliokuwa karibu na mashine moja kubwa. Miaka 15 baadaye hali ilikuwa imebadilika na kuwa ya kutisha. Oktoba 1968 wataalamu walikutana Garmisch, Ujerumani, katika kongamano lililoandaliwa na NATO, wakakiri kwamba programu kubwa zilikuwa zinachelewa, zinapita bajeti na kuharibika mikononi mwa watumiaji. Fred Brooks, aliyesimamia utengenezaji wa mfumo wa OS/360 katika kampuni ya IBM, alichapisha kitabu mwaka 1975 akieleza kwamba ukiongeza watu kwenye mradi wa programu uliochelewa, unauchelewesha zaidi.

Vyuo vikuu vilipata somo kutokana na hayo. Zoezi la darasani lenye mistari 50 halimfundishi mtu kusikiliza mteja asiyejua anachotaka, wala kurudia kazi aliyodhani ameimaliza. Mradi mzima ndio unaofundisha hayo. Nchini Uingereza, Jumuiya ya Kompyuta ya nchi hiyo ikaufanya mradi wa mwanafunzi kuwa sharti la kuidhinisha shahada, na desturi hiyo ndiyo tuliyoirithi.

Afrika Mashariki haikuipokea kompyuta kwa mkono mmoja. Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta mwaka 1974. Kenya iliendelea nazo, na katika miaka hiyo ya 1970 Chuo Kikuu cha Nairobi kikawa na taasisi ya kompyuta pale Chiromo. Kisha ukaja mfumo wa elimu wa 8-4-4 mwaka 1985. Wanafunzi wake wa kwanza waliingia vyuo vikuu mwaka 1990, na shahada ambazo awali zilichukua miaka 3 baada ya kidato cha sita zikawa za miaka 4. Ni katika mwaka huo ulioongezeka ambapo mradi ulipata makao.

Kakamega nayo ilikuwa na safari yake. Chuo cha Masinde Muliro hakikuanza kama chuo kikuu. Kilianza kama WECO, chuo cha harambee cha watu wa Magharibi, wazo la mwaka 1972, enzi ambapo jamii mbalimbali nchini zilichangisha pesa kujenga vyuo vya ufundi ili vijana wapate stadi za mikono. Mwaka 2002 kikawa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Moi. Sheria ya kukifanya chuo kikuu kamili ilipitishwa mwishoni mwa 2006, kikapewa jina la Masinde Muliro, mwalimu aliyechaguliwa kuingia Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1957 na kufariki Agosti 1992. Ninaona umuhimu mkubwa katika asili hiyo. Chuo kilichojengwa kwa kuku na magunia ya mahindi yaliyopigwa mnada kwenye harambee kina deni kwa wanakijiji, na katika kozi zote za kompyuta, mradi ndio unaoweza kulilipa moja kwa moja.

Chuo kilipoanza maisha mapya mwaka 2007, M-Pesa nayo ilizinduliwa Machi mwaka huo huo. Hakuna aliyejua jinsi mambo hayo mawili yangekutana. Wakati huo intaneti ya Kenya ilipitia setilaiti, ghali na ya pole, na miradi mingi ya wanafunzi ilikuwa ya Visual Basic na Access, ikibebwa kwa flashi kutoka kompyuta hadi kompyuta. Nyaya za chini ya bahari, SEACOM na TEAMS, zilifika Mombasa mwaka 2009. Mwaka 2011 Safaricom ikaleta simu ya Huawei IDEOS kwa takriban shilingi 8,000, na mwanafunzi wa kawaida akaweza kushika Android mkononi na kuiandikia programu. Mwaka 2017 Safaricom ikafungua Daraja, mfumo unaomruhusu mwandishi yeyote wa programu kuunganisha kazi yake na M-Pesa.

Tangu hapo siku ya kutetea mradi imepata msisimko mwingine. Mwanafunzi huunganisha kompyuta yake na projekta, huwasha programu ya seva ya XAMPP, na kusubiri majina Apache na MySQL yapate rangi ya kijani. Anapofika sehemu ya malipo, humwomba mhadhiri mmoja nambari ya simu, huiandika na kubonyeza kitufe. Chumba hunyamaza. Simu iliyo mezani ikiwaka na kuomba PIN ya kulipa shilingi 1, kazi ya miezi mingi imejitetea yenyewe. Lakini jopo halimwachilii hapo. Mmoja huandika herufi mahali pa nambari ya simu, mwingine hubonyeza kitufe kile kile mara mbili, wa tatu huuliza mkulima mwenye kabambe, simu ndogo ya vitufe, atautumiaje mfumo huu.

Swali hilo la kabambe ndilo zuri kuliko yote. Eneo la Magharibi ni nchi ya miwa. Kiwanda cha Mumias kilianza kusaga mwaka 1973 na kikawekwa chini ya mrasimu mwaka 2019, na kati ya miaka hiyo wakulima walilalamika sana kuhusu mizani na malipo yaliyochelewa. Mwanafunzi anayekaa Lurambi au Kefinco, mtaa uliochukua jina la mradi wa maji wa Kenya na Finland, hahitaji kwenda mbali kutafuta tatizo. Mfumo wa kumtumia mkulima uzito wa miwa yake kwa ujumbe mfupi punde lori linapopimwa una thamani kuliko mfumo wa kumi wa kusimamia maktaba.

Kuna mambo mawili yanayouharibu mradi huu, na lazima yasemwe. La kwanza ni muundo wa ripoti. Vyuo vingi bado vinadai hatua zifuatane kama maporomoko ya maji: mahitaji, usanifu, uandishi wa programu, majaribio. Mchoro huo hunasibishwa na makala ya Winston Royce ya mwaka 1970, ilhali Royce mwenyewe aliandika katika makala hiyo kwamba kufanya kazi kwa mtindo huo ni hatari. La pili ni biashara ya kuuziana miradi. Mwanafunzi hulipia mfumo uliokamilika, akakariri maelezo, akafaulu. Tangu ChatGPT ilipotoka Novemba 2022 hahitaji hata muuzaji. Dawa ninayoiamini ni ile ile ya zamani: mhadhiri aelekeze kidole kwenye mstari mmoja wa programu na kusema, badilisha hapa sasa hivi, tukiona.

Sasa mfumo wa elimu wa 2-6-3-3-3 unakuja. Wanafunzi wake wa kwanza waliingia Gredi ya 10 Januari 2026 na watabisha hodi vyuoni mwaka 2029, na hesabu ya mfumo huo inatenga miaka 3 kwa elimu ya juu. Kila mtaala unapofupishwa, kinachokatwa kwanza ni kile kinachochukua muda na wasimamizi wengi. Uingereza imekuwa ikitoa shahada za miaka 3 zenye mradi kamili kwa miongo mingi, kwa hivyo uhaba wa muda si sababu. Wanaoandika mitaala mipya Kakamega na kwingineko wakate kozi nyingine ikibidi, waubakishe mradi, na kila mwanafunzi apewe mtumiaji halisi nje ya lango la chuo: zahanati, chama, kituo cha bodaboda au mkulima wa miwa.