Nchi ya Bagamoyo na Watu Wake

Mwanafunzi mmoja alituuliza darasani, "Mwalimu, mtu wa Bagamoyo hasa ndiye nani?" Tukamjibu upesi, kama ilivyo desturi yetu walimu, kwamba ni Mzaramo, na Mkwere, na Mdoe, na Mzigua, na Mswahili wa pwani. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Nasi ambao wazee wetu waliletwa misheni wakiwa watoto, wala hawakujua walikotoka, sisi je?" Siku ile hatukuwa na jibu. Basi tumeona vema kuitazama tena nchi hii, mito yake na pwani yake na watu walioikalia, tuone kama swali la mtoto lina jibu.

Bagamoyo iko ufuoni, kaskazini ya Dar es Salaam, mwendo wa kilometa zaidi ya 60. Ng'ambo yake ni kisiwa cha Unguja, yapata kilometa 40. Wilaya ya zamani, kabla Chalinze haijapewa halmashauri yake, ilikuwa na ukubwa wa karibu kilometa za mraba 9,800. Pwani ni tambarare, nchi ya mchanga na minazi. Penye midomo ya mito pana mikoko na mashamba ya chumvi. Ukienda bara ardhi yapanda polepole, nawe waingia vichaka na nyika, ambako maji ni taabu wakati wa kiangazi. Mito mikubwa ni miwili. Ruvu, ambao wasafiri wa zamani waliuita Kingani, watoka milima ya Uluguru na kuingia baharini karibu na mji, upande wa kaskazini. Wami huingia mbele zaidi, njia ya Saadani. Mito hiyo ndiyo iliyopanga makao ya watu. Kusini ya Ruvu ni Wazaramo hasa. Katikati ya mito miwili ni Wakwere na Wadoe. Ukivuka Wami wakuta Wazigua. Lakini msomaji asidhani mto ni ukuta. Watu walioana ng'ambo na ng'ambo, wakahama kwa njaa na kwa vita, hata nyumba moja ikawa na lugha mbili.

Mji wa kwanza wa pwani hii haukuwa Bagamoyo, ulikuwa Kaole, kilometa chache kusini. Misikiti yake na makaburi yake ya mawe yangali yaonekana, na ya zamani zaidi yakadiriwa kuwa ya karne ya 13. Burton na Speke walipokuja mwaka 1857 walishuka upande wa Kaole. Stanley alipokuja mwaka 1871 kumtafuta Livingstone, alianzia Bagamoyo. Kaole mikoko ilikuwa imeota mbele ya mji, na vyombo vikatafuta ufuo ulio wazi. Hivyo bahari ilifanya mji mmoja kufa na mwingine kuinuka, wala si kwa mashauri ya mfalme.

Bagamoyo ilinenepa kwa pembe za ndovu. Njia ya misafara iliyotoka Ujiji na Tabora iliishia hapa, kwa kuwa Unguja ndiyo iliyokuwa soko, na hapa palikuwa karibu na Unguja. Wapagazi, Wanyamwezi na Wasukuma wengi, walishuka kwa maelfu kila mwaka, wakatua mizigo, wakangoja ujira na mizigo ya kurudi nayo: nguo, shanga, nyaya za shaba. Wengine walingoja miezi, wakajenga vibanda, wakalima. Wahindi walifungua maduka. Mmoja wao, Sewa Haji Paroo, alipata mali nyingi kwa kuwapatia wasafiri wapagazi na vifaa, kisha akatoa nyumba kwa ajili ya shule. Walikuwapo Waarabu, Wabaluchi askari wa Sultani, Washomvi wasemao asili yao ni Barawa. Mtu angewahesabu wenyeji wa mji huo vipi? Angehesabu kiangazi angepata mji mkubwa. Angehesabu masika, misafara ikiisha kuondoka, angepata mwingine.

Jina lenyewe lina maneno. Wengine husema ni mtumwa aliyelia, "Bwaga moyo," yaani uache moyo hapa, kwa kuwa hutarudi. Wengine husema ni mpagazi aliyetua mzigo na kuburudika. Watumwa walipita hapa, hilo halina shaka, wala halifai kufichwa. Walakini bandari kubwa ya watumwa katika pwani yetu ilikuwa Kilwa. Bagamoyo ilikuwa kwanza mji wa pembe na wapagazi. Tena aliyefungwa mnyororo hakupewa nafasi ya kuita mji jina. Sisi twaelekea upande wa mpagazi.

Katika mji huo Mapadre wa Roho Mtakatifu walianza misheni mwaka 1868, Padre Antoine Horner akiwa mkubwa wao. Waliwakomboa watoto katika soko la Unguja wakawaleta Bagamoyo, wakawafundisha kusoma na kufanya kazi za mikono. Walipokua waliozwa, kila nyumba ikapewa kibanda na shamba katika kijiji cha Wakristo. Watoto hao walitoka nchi nyingi za bara, na wengine walichukuliwa wadogo mno hata kulikumbuka jina la mama. Baadaye baadhi yao walipelekwa bara kuwa mbegu ya misheni mpya, kama Mhonda mwaka 1877. Hapo ndipo penye mizizi ya yule aliyetuuliza. Ni katika misheni hiyo pia mwili wa Livingstone ulipofikishwa, mwezi wa Februari 1874, Chuma na Susi na wenzao wakiwa wameuleta kwa miguu kutoka kijiji cha Chitambo.

Mwaka 1888 Wadachi walitwaa utawala wa pwani, na watu wakawapinga, Bushiri bin Salim akiwa mbele, na Bwana Heri upande wa Saadani. Mji ukapigwa, na watu wengi mno wakakimbilia misheni, Mkristo na Mwislamu pamoja. Bushiri akanyongwa Pangani mwezi wa Desemba 1889. Lakini si vita vilivyoushusha mji. Ufuo ni mchanga na maji ni haba; meli kubwa hutia nanga mbali. Dar es Salaam ina bandari yenye kina, iliyofichwa na nchi kavu. Mwaka 1891 makao makuu yalihamishiwa huko. Reli ikaanzia huko mwaka 1905, ikafika Morogoro 1907, Tabora 1912, Kigoma 1914. Mpagazi hakuwa na kazi tena. Wengine walirudi kwao Unyamwezi, wengine wakabaki, na wajukuu wao leo huvua kamba na kuchuma nazi. Nasi twacheka kidogo tukikumbuka kwamba jiji lililochukua meli zetu lanywa maji ya Ruvu yetu.

Siku hizi watu waja tena. Sensa ya mwaka 2012 iliona watu 311,740 katika wilaya nzima. Ile ya mwaka 2022 ilipata zaidi ya 500,000 katika Bagamoyo na Chalinze pamoja. Mkoa wote wa Pwani ulitoka 1,098,668 ukafika 2,024,947. Wanunuzi wa viwanja watoka Dar es Salaam, wafugaji wa Kiparakuyo wachunga nyikani, wakulima waja Kiwangwa kwa ajili ya mananasi. Magomvi ya mipaka na ya malisho hayakosekani, na neno "mgeni" lasikika barazani kila mara, mara nyingi kinywani mwa mtu ambaye babu yake alikuja na mzigo kichwani.

Tulirudi darasani tukamweleza yule mwanafunzi jinsi watu wahesabiwavyo. Sensa ya mwaka 1967 iliuliza kabila, zilizofuata haziulizi. Huandikwa kila aliyelala nyumbani usiku wa kuamkia siku ya sensa, na safari ya mwisho ulikuwa usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti 2022. Akafikiri, kisha akauliza kama wapagazi wa zamani nao wangeandikwa. Tukamwambia ndiyo, kama walilala hapa.