Fundi ndara wa Sakai na magazeti yaliyomlisha

Mwaka 1930 mitambo ya umeme ya Mwadingusha ilianza kazi kwenye maporomoko ya mto Lufira, ili viwanda vya shaba vya Jadotville, Likasi ya leo, vipate nguvu. Wakati huo, katika mji wa Osaka nchini Japani, mzee wa miaka 60 aliyeitwa Sakata Sankichi alikuwa amewekwa kando na chama cha wachezaji wenzake, na huo ulikuwa mwaka wa tano. Mambo haya mawili hayajuani, ila yote yanatuuliza nani hulipia nini, na kwa faida ya nani. Sakata alikuwa miongoni mwa vigogo wa shogi, sataranji ya Kijapani, na kwao husimuliwa kama ushuhuda wa kipaji: maskini asiyejua kusoma aliyepanda kwa akili yake tupu hadi akawatetemesha mabingwa wa Tokyo. Simulizi hiyo inaacha nusu ya habari. Akili ilikuwa yake. Ajira, ile ya kumlisha mtu na watoto wake, iliundwa na magazeti. Tukilikubali hilo, itabidi tutafute jibu jingine kwa wale wanaouliza kwa nini Katanga haijawahi kuwa na bingwa wa kisolo, mchezo wa mashimo wa Waluba, anayeishi kwa kisolo.

Shogi huchezwa na watu wawili kwenye ubao wa miraba 81, kila mmoja na kete 20. Kinachoitenga na sataranji ya Ulaya ni kwamba kete iliyotekwa haifi: aliyeiteka huirudisha ubaoni wakati wowote ikiwa upande wake. Kwa hiyo ubao haukaukiwi watu, na vita huzidi kuwa vikali kadiri mchezo unavyosonga. Mchezo huu ulianza kulipwa mapema. Mwaka 1612 serikali ya watawala wa kijeshi wa ukoo wa Tokugawa ilimpangia Ohashi Sokei posho, na baadaye koo tatu zikairithi kazi hiyo, zikilipwa kwa mchele na kucheza mbele ya mtawala. Cheo cha juu, Meijin, kilikuwa cha kufa nacho. Utawala ule ulipoanguka mwaka 1868, posho ilikatika. Mabingwa waliokuwa wakila mchele wa ikulu wakabaki kuwinda wafadhili na kucheza kwa dau. Ufundi haukupungua hata chembe, kilichokosekana ni mlipaji. Pengo hilo lilikuja kuzibwa na magazeti, yaliyogundua mwishoni mwa karne ya 19 kwamba hatua za mchezo zikiandikwa kwa tarakimu na kuchapishwa kidogokidogo, msomaji atanunua toleo la kesho ili ajue nini kimempata mfalme.

Sakata alizaliwa mwaka 1870 huko Sakai, jirani na Osaka, katika familia iliyotengeneza ndara za majani makavu. Hakukaa shuleni, na hadi uzeeni maandishi aliyoyamudu yalihesabika kwa vidole. Alijifunza shogi mitaani, kwa kuweka dau. Mpinzani wake mkuu, Sekine Kinjiro, alikuwa mtu wa chama, aliyepitia kwa walimu na kupanda daraja baada ya daraja. Walipokutana Tokyo mwaka 1913 Sakata alishinda, na inasimuliwa kwamba alipoona amemtuma vibaya jemadari wake wa fedha, kete inayokwenda mbele kwa wepesi na kurudi nyuma kwa taabu, alisema kete hiyo inalia. Usemi huo ungali hai Japani. Tujiulize ulifikaje kwa watu ambao hawakuwepo. Chumbani walikuwa watu wachache tu. Mfuma ndara wa Sakai akawa gumzo la Osaka nzima kwa sababu mchezo ule ulichapwa, na gazeti la mji lilipenda kuwa na bingwa wa nyumbani wa kuwapiga watu wa mji mkuu. Ushabiki wa namna hiyo hauhitaji maelezo kwa msomaji wa Likasi anayejua mdomo wa mtu wa Lubumbashi.

Sasa tuje kwenye kule kutengwa kwake, ambako kwangu ndiko ushahidi mzito kuliko wote. Sekine alipewa cheo cha Meijin mwaka 1921. Mwaka 1925 wafuasi wa Sakata mjini Osaka walimtangaza yeye naye kuwa Meijin wa upande wao, na chama cha Tokyo kikamfungia mlango. Kwa zaidi ya miaka kumi hakucheza mchezo rasmi hata mmoja. Ni mtu yuleyule, mwenye mikono na ubongo uleule, lakini miaka hiyo haikuacha karibu chochote cha kusoma. Kama kipaji peke yake ndicho kinachomfanya mchezaji, ingekuwaje kazi ya Sakata ikatike kama uzi na huku kipaji kiko palepale? Aliyemrudisha ni gazeti tena. Februari 1937 Yomiuri lilimkutanisha na Kimura Yoshio, kijana hodari kuliko wote wakati huo, katika hekalu la Nanzenji mjini Kyoto. Walicheza siku 7, kila mmoja akiwa na saa 30 za kufikiri. Kimura alipomaliza hatua ya kwanza, Sakata alimsogeza askari wa ukingoni kabisa, hatua ambayo mtaalamu yeyote angeiita kupoteza zamu. Alishindwa. Mwezi uliofuata, katika hekalu jingine, alisogeza askari wa ukingo wa pili dhidi ya Hanada Chotaro, akashindwa tena. Kwa hesabu za ubao huo ni ukaidi wa mzee wa miaka 66. Kwa hesabu za gazeti, hakuna hatua nyingine katika historia ya shogi iliyobishaniwa kiasi hicho, na aliyeshindwa anakumbukwa kwa mchezo ule kuliko mshindi.

Mwaka huohuo cheo cha kufa nacho kilikwisha. Sekine alikuwa amekubali kukiachia akiwa hai, na gazeti la Tokyo Nichi Nichi likadhamini mashindano yaliyoanza 1935 ili Meijin apatikane kwa kushinda. Kimura alikitwaa Desemba 1937. Tangu hapo mchezaji wa shogi ni mwajiriwa wa aina ya pekee: chama kinaendesha ligi, magazeti yananunua haki ya kuchapisha hatua, na fedha hizo zinagawanywa.

Atatokea mtu aseme Japani ni nchi tajiri, na tajiri hata akicheka analipwa. Pingamizi hilo lina uzito leo, lakini halina uzito mahali linapohitajika. Ligi ya madaraja ambayo hadi sasa ndiyo uti wa mgongo wa kazi hiyo ilianza mwaka 1946, miji ikiwa majivu na chakula kikigawanywa kwa vipimo. Watu waliokuwa wakihangaikia wali walilipa senti kusoma hatua za shogi. Mwingine atasema bila kipaji gazeti lingechapisha nini? Ni kweli, na sikatai. Ila mtazame Segawa Shoji. Mwaka 1996 aliondolewa kwenye shule ya chama kwa kuwa alifika umri wa miaka 26 bila kufikia daraja la kulipwa. Ndiyo kanuni, haina huruma. Akasoma, akaajiriwa ofisini, akaendelea kucheza kama mtu wa kawaida, akawapiga wanaolipwa mara nyingi hadi chama kikalazimika kumpa mtihani maalumu, akafaulu mwaka 2005 akiwa na miaka 35. Miaka yote tisa mkono ulikuwepo na kazi haikuwepo. Chama kinachoweza kumwajiri mtu kinaweza pia kumkosea, kama kilivyomkosea Sakata.

Turudi kwetu. Kisolo cha Waluba huchezwa kwenye safu nne za mashimo, kama bao la pwani, na anayedhani ni mchezo wa kupitisha jua hajawahi kukaa mbele ya mzee anayehesabu mzunguko mzima wa kete kabla hajanyanyua mkono. Mholanzi Alexander de Voogt aliwachunguza mafundi wa bao wa Zanzibar, na katika kitabu chake cha mwaka 1995 aliandika hatua zao na kupima mipaka ya akili zao kwa uzito uleule ambao wengine huwapa mabingwa wa sataranji. Kwa hiyo hoja kwamba michezo yetu haiandikiki imekwisha. Wala si kweli kwamba Katanga haijui kugeuza mchezo kuwa mshahara. Mwaka 1939 wamisionari Wabenedikto walianzisha timu ya mpira huko Élisabethville, Lubumbashi ya leo. Baadaye ikabeba jina la matairi ya Englebert, na kwa jina hilo ikachukua kombe la klabu bingwa Afrika mwaka 1967 na 1968. Leo tunaiita Mazembe. Mpira ulipata padri, kampuni na redio. Kisolo kilipata mwembe na muda wa wazee. Utasema mpira unavuta umati na kisolo hakivuti. Lakini watu wawili waliokaa kimya juu ya mkeka huko Kyoto nao hawakuwa na umati, hadi pale hatua zao zilipoanza kuuzwa asubuhi pamoja na habari za vita na bei ya mchele.

Ng'ambo ya mpaka, kwenye shaba ileile, yuko Amon Simutowe, mzaliwa wa Ndola, Copperbelt ya Zambia, mwaka 1982. Mwaka 2000 alishika nafasi ya pili katika ubingwa wa dunia wa vijana wa sataranji, na mwaka 2009 akathibitishwa kuwa bingwa mkuu (grandmaster), wa kwanza kutoka Afrika kusini mwa Sahara. Kati ya tarehe hizo mbili aliyemlipia ni chuo kikuu cha Texas, kwa ufadhili wa masomo unaotolewa kwa wachezaji, na njia ikaendelea hadi Oxford. Copperbelt ilimpa akili na mazoezi ya mwanzo. Kazi ilibidi aifuate Marekani.

Pingamizi moja naliheshimu kuliko mengine. Linasema kisolo ni mazungumzo ya watu wazima, kikitiwa mshahara kitakufa, vijana wataacha shule. Japani haitoi faraja kamili hapo: Fujii Sota, aliyeanza kulipwa mwaka 2016 akiwa na miaka 14 na kutwaa vyeo vyote vinane mwaka 2023, aliacha shule ya sekondari mwezi mmoja au miwili kabla ya kuhitimu, na nyuma yake wako wengi waliofika miaka 26 mikono mitupu. Hata hivyo, hatua za mchezo zinaweza kuandikwa bila kumwajiri mtu. Sakata alifariki Julai 1946, na chama kilichomfungia mlango kikampa cheo cha Meijin mwaka 1955, miaka tisa baada ya mazishi. Kiliweza kufanya hivyo kwa kuwa michezo yake ilikuwa imechapwa na yeyote angeweza kuipanga upya ubaoni. Mabingwa wa kisolo waliozikwa kandokando ya Lufira hawawezi kupewa hata heshima hiyo ya kuchelewa, maana hakuna aliyekaa karibu nao na kalamu.