Chumvi Kimiminika na Pete Mseto

Katika kemia, chumvi ni kila kampaundi iliyojengwa kwa ioni, yaani chembe zenye chaji chanya na chaji hasi zinazoshikana kwa kuvutana. Chumvi ya mezani huyeyuka kwenye nyuzi 801 za Selsiasi kwa kuwa ioni zake ni ndogo na hupangika kwa ukaribu. Ioni zikiwa kubwa na zenye maumbo yasiyolingana, mpangilio huo hulegea, na chumvi huweza kuwa majimaji bila moto mkali. Mwaka 1914 Paul Walden alieleza chumvi ya aina hiyo, nitrati ya ethiliamoniamu, inayoyeyuka kwenye nyuzi 12 tu, na leo zile zinazoyeyuka chini ya nyuzi 100 hutajwa kuwa vimiminika vya ioni.

“Vimiminika vya ioni”, tafsiri ya Kiingereza “ionic liquids”, haina kosa la kisarufi lakini inapotosha, kwa sababu msomaji aliyefundishwa kwamba chumvi ikikorogwa majini hutoa ioni atadhani yanazungumziwa maji ya chumvi, ilhali kitu hiki hakihitaji hata tone la maji. "Chumvi oevu" nayo haifai: mkazi wa Kitale, jirani wa kinamasi cha Saiwa, analijua neno hilo kutokana na ardhi oevu, naye angeelewa chumvi iliyorowa. Afadhali chumvi kimiminika, inayotaja kwanza kitu chenyewe, kisha hali yake.

Istilahi inayoandamana nayo ni kampaundi za pete mseto, ambazo atomi zake hufungamana kwa duara, na ndani ya duara hilo kaboni huchanganyika na naitrojeni, oksijeni au salfa. Mkulima wa Trans Nzoia aliyezoea kilimo mseto ataielewa upesi. Iliyo karibu naye zaidi ni furfurali, yenye pete ya kaboni nne na oksijeni moja, ambayo hutengenezwa kutokana na sukari za kaboni tano zilizomo katika magunzi ya mahindi, na vilevile katika makapi ya miwa kama yale ya kiwanda cha Nzoia, Bungoma. Tangu kampuni ya Quaker Oats ilipoanza kuizalisha nchini Marekani mwaka 1922, njia iliyozoeleka ni asidi ya salfuriki na mvuke, ambayo hupoteza sehemu ya zao na kuacha maji machafu yenye asidi. Chumvi kimiminika yenye tabia ya asidi huwa kiyeyushi na kichocheo kwa pamoja, na kwa kuwa yenyewe huvukizwa kwa shida, furfurali huweza kutolewa kwa mvuke nayo ikabaki chunguni kwa matumizi mengine.

Hata hivyo, sifa ya "kijani", yaani isiyodhuru mazingira, isitolewe bure, maana baadhi ya chumvi za imidazoliamu, ambayo nayo ni pete mseto, ni sumu kwa viumbe wa majini na huchelewa kuoza. Katika nchi ambayo mto Nzoia hupitia Webuye ukielekea Ziwa Viktoria, istilahi iliyo ya haki ni "kijani zaidi", tena kwa kulinganishwa na asidi ya salfuriki, na kwa sharti kwamba chumvi inayorudi chunguni baada ya kila mzunguko imepimwa.