Mfyatuo: neno la kumsaidia mchekeshaji ajikague

Wachekeshaji wetu wa jukwaani, wa Nairobi na wa Dar es Salaam, huita panchilaini pale mzaha unapoangusha kicheko. Neno limezoeleka, nami sina ugomvi na kukopa. Ila asili yake ya Kiingereza, punch line, ni mstari, na mchekeshaji anayerudia kusikiliza rekodi ya onyesho lake huishia kutafuta mstari mzima uliochekesha, ilhali mara nyingi kilichochekesha ni neno moja tu.

Mzaha unaochekesha kwa neno moja una sehemu mbili: hadhira huongozwa iamini jambo, kisha hugundua kuwa silo. Sehemu ya kwanza tunayo tayari, ni mtego. Anayetoa kitendawili huambiwa "Tega!" tangu enzi za mabibi zetu. Kwa sehemu ya pili nilidhani mteguo ungefaa, kwa kuwa kitendawili huteguliwa. Lakini kutegua ni kuondoa hatari, kama askari anavyotegua bomu. Mtego unaponasa, hufyatuka. Basi napendekeza mfyatuo. Kutegua nako tukupe kazi nyingine: kuharibu mzaha kwa kutoa siri mapema.

Na Kiswahili hutoa siri kwa njia yake, kupitia ngeli. Chukua mzaha huu: "Nilifungua mlango nikamkuta amejilaza kwenye kochi, amemaliza wali wangu wote, hata pole hakunipa. Mbuzi." Mtego umekaa sawasawa, kwa sababu mtu na mnyama hupatanishwa sawa, na mfyatuo ni neno la mwisho kabisa. Sasa mchekeshaji mwingine anataka tudhani anamsimulia mkewe, kumbe ni gari. Akisema "likiugua nalitibu", ile li- imeshategua kila kitu. Dawa yake ni kuficha upatanisho: "Mshahara wote unaishia kwenye kulisha, kuosha, kutibu." Gari lije baadaye. Kosa hili sikio la jukwaani halilinasi kwa urahisi. Hujitokeza ukiiandika rekodi neno kwa neno.

Ukishaandika, pigia mstari neno lenye mfyatuo, kisha tazama kilicholifuata. Katika "Mbuzi wa jirani yule wa pale chini", maneno sita yaliyofuata "Mbuzi" yanakanyaga kicheko. Yafute, au yahamishie kwenye mtego.

Hadhira ikinyamaza, usikimbilie kulaumu mfyatuo. Mzaha unaotegemea tabia za makonda wa daladala za Mbagala, Dar es Salaam, unaweza kupoa Kisumu, Kenya, kwa sababu mtego wenyewe haukutegwa: wasikilizaji hawakuwa na cha kuamini. Hapo ongeza sentensi moja mwanzoni, mwisho uache ulivyo.

Marehemu Phyllis Diller, mchekeshaji wa Marekani, aliweka vichekesho vyake kwenye kadi zaidi ya 50,000, ndani ya kabati la chuma ambalo leo limo katika Makumbusho ya Taifa ya Historia ya Marekani, Washington. Mzaha uliokaa peke yake kwenye kadi unaweza kukaguliwa peke yake, na hilo hata daftari la shule linatosha kulifanya.

Wachekeshaji, nyinyi ndio wa kulipima neno hili kabla ya watunga kamusi. Sikilizeni rekodi ya onyesho lenu lijalo, andikeni "mfyatuo" pembeni pale kicheko kilipoanguka, na kama mna neno linalonasa zaidi, leteni.