Shahada ya Chuo Kikuu katika Ajira ya Urubani: Kipimo cha Uwezo au Chekeche la Waombaji?

Mwaka 1969 Mmarekani mweusi aliyeitwa Spurlock aliomba kazi ya urubani katika shirika la United Airlines. Alikuwa na saa 204 za kuruka na miaka miwili ya masomo ya chuo. Shirika lilitaka saa 500 na shahada kamili, likamkataa. Akaenda mahakamani akidai kwamba masharti hayo yaliwafungia mlango watu weusi, na hesabu zilimuunga mkono: kati ya watu wapatao 5,900 waliofanya kazi katika vyumba vya marubani vya shirika hilo, weusi walikuwa 9. Hata hivyo, mwaka 1972 Mahakama ya Rufaa ya Kanda ya Kumi iliamua kwamba masharti yote mawili yalikuwa halali.

Hukumu hiyo inastahili kusomwa taratibu, kwa sababu masharti mawili yaliyopita pamoja hayakuthibitishwa kwa namna moja. Kuhusu saa za kuruka, shirika lilileta takwimu zilizoonyesha kuwa waombaji wenye saa nyingi walifaulu zaidi katika mafunzo ya awali. Kuhusu shahada, lilileta maofisa wake waliosema kwamba mhitimu wa chuo kikuu huyamudu vizuri zaidi masomo ya darasani na mafunzo ya marudio ambayo rubani hayaachi hadi anastaafu. Upande mmoja ulikuwa na ushahidi uliopimwa, upande wa pili ulikuwa na maoni ya waajiri. Naamini mjadala mzima kuhusu shahada na urubani umekwama hapo tangu siku hiyo: shahada inatetewa kwa imani, na kwa kuwa imani yenyewe inaelekea kuwa ya busara, hakuna anayedai ipimwe.

Mwaka mmoja kabla ya hukumu hiyo, Mahakama ya Juu ya Marekani ilikuwa imeamua katika kesi ya Griggs dhidi ya Duke Power kwamba mwajiri hawezi kudai cheti cha shule kisichohusiana na kazi yenyewe ikiwa sharti hilo linawaengua watu wa rangi fulani. Majaji wa kesi ya Spurlock waliikwepa kamba hiyo kwa hoja ya hatari. Walisema kazi ikihitaji ujuzi mkubwa, na madhara ya kumwajiri asiyefaa yakiwa makubwa, mwajiri hubebeshwa mzigo mwepesi zaidi wa kuthibitisha masharti yake. Hoja hiyo naiona imepinduliwa. Pale ambapo maisha ya abiria yamo hatarini ndipo kipimo kinapopaswa kuthibitishwa kwa ukali zaidi, kwa kuwa kipimo kibovu hudhuru pande mbili: humzuia anayefaa, na humpitisha asiyefaa akiwa amebeba karatasi inayomfanya aaminiwe.

Sheria za kimataifa hazimdai rubani shahada. Kiambatisho cha Kwanza cha Mkataba wa Chicago, kinachosimamiwa na Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, kinataka saa 200 za kuruka kwa leseni ya biashara, au 150 kwa aliyesoma kozi iliyoidhinishwa, na saa 1,500 kwa leseni ya juu ya kuongoza ndege za abiria. Pamoja na saa hizo kuna mitihani ya hali ya hewa, uongozaji wa safari, sheria za anga, kanuni za urukaji, na uwezo na mipaka ya binadamu. Mamlaka za usafiri wa anga za Kenya, Tanzania na Uganda hutoa leseni kwa kufuata msingi huo. Kwa hiyo anayesema kwamba rubani asiye na shahada hana elimu ya nadharia anasahau kwamba nadharia imo ndani ya leseni, na imetahiniwa na dola.

Basi sharti la shahada lilitoka wapi? Kwa kiasi kikubwa lilitoka jeshini. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia mashirika ya Marekani yaliajiri marubani wengi waliofunzwa na jeshi, na kadiri miaka ilivyokwenda rubani wa Jeshi la Anga alikuwa afisa, na afisa alitakiwa kuwa na shahada. Sura ya rubani aliyefaa ikajengeka hivyo. Waombaji walipokuwa wengi kuliko nafasi, shahada ikawa chekeche rahisi: haikumgharimu mwajiri kitu, kwani gharama yake ilikuwa imekwisha kulipwa na mwombaji na wazazi wake.

Ushahidi wenye nguvu zaidi wa dai hili umetolewa na mashirika yenyewe. Wakati wa janga la UVIKO-19 marubani wengi wa Marekani walistaafu mapema. Safari ziliporudi, upungufu ukajitokeza, na Januari 2022 shirika la Delta likaacha kuifanya shahada kuwa ya lazima. Ikabaki kuwa sifa inayopendelewa. United, lililoshinda kesi ya Spurlock, nalo halidai tena shahada. Kati ya Desemba 2021 na Januari 2022 ndege hazikugeuka kuwa rahisi zaidi kuziongoza, wala mawingu hayakupungua. Kilichobadilika ni idadi ya watu waliosimama mlangoni. Sharti la usalama halilegei kwa sababu ya soko la ajira. Hakuna shirika lililothubutu kusema kwamba, kwa kuwa marubani ni wachache, kipimo cha macho nacho kitapendelewa tu.

Yapo mazingira ambamo shahada ina uzito wa kisheria, nayo yanahitaji kuangaliwa kwa makini. Tarehe 12 Februari 2009 ndege ya Colgan Air, safari namba 3407, ilianguka karibu na Buffalo, jimbo la New York, ikaua watu 50, mmoja wao akiwa nyumbani kwake. Ndege ilipotoa ishara kwamba inakaribia kupoteza mnyanyuko, rubani mkuu aliuvuta usukani nyuma badala ya kuusukuma mbele. Bunge la Marekani lilipitisha sheria mwaka 2010, na kuanzia 2013 hata rubani msaidizi wa shirika la abiria alitakiwa kuwa na saa 1,500. Punguzo lilitolewa kwa baadhi: saa 750 kwa aliyefunzwa na jeshi, 1,000 kwa mwenye shahada ya kwanza ya usafiri wa anga, na 1,250 kwa mwenye stashahada ya fani hiyo.

Watetezi wa shahada hulitaja punguzo hilo kama ushindi wao. Lakini mwenye shahada ya historia au ya biashara halipati. Hulipata yule ambaye masomo yake na urukaji wake vilifungamanishwa chini ya chuo kimoja kilichoidhinishwa. Kinachothaminiwa hapo ni mafunzo yenye mpango, na mafunzo hayo yanaweza kutolewa na chuo cha urubani kisichotoa shahada yoyote. Tena marubani wawili wa Colgan walikuwa wamepita saa 1,500 wote: mkuu alikuwa na zaidi ya 3,300, msaidizi zaidi ya 2,200. Kilichokuwa wazi katika kumbukumbu za rubani mkuu ni kwamba alikuwa ameshindwa majaribio kadhaa ya urukaji, na mwajiri hakuwa na picha kamili ya historia hiyo alipomwajiri.

Kwa wasomaji wa Afrika Mashariki kuna tukio lililo karibu zaidi. Tarehe 10 Machi 2019 ndege ya Ethiopian Airlines iliyokuwa ikielekea Nairobi ilianguka ikaua watu 157, Wakenya 32 wakiwamo. Baadhi ya wachambuzi wa Marekani walimnyooshea kidole rubani msaidizi aliyekuwa na saa 361 tu. Ripoti ya awali ya uchunguzi ilionyesha kwamba ni yeye aliyetamka, mara mbili, hatua ya kukata umeme wa kirekebisha-mkia, hatua iliyotakiwa wakati mfumo wa kompyuta wa Boeing ulipokuwa ukiisukuma pua ya ndege chini. Saa zake chache hazikumzuia kukumbuka alichofundishwa. Ajali hiyo haithibitishi kwamba uzoefu hauna maana. Inatuonya tu dhidi ya kuhukumu uwezo wa mtu kwa namba au cheti kabla ya kutazama alichofanya.

Hoja moja ya upande wa pili naikubali. Urubani unategemea cheti cha afya. Maradhi ya moyo au kifafa yanaweza kumwondoa mtu kazini akiwa na miaka 35, na asiye na elimu nyingine hubaki na mikopo ya mafunzo bila kipato. Kwake shahada ni kinga ya kweli, na mzazi anayemshauri mwanawe asome kwanza anasema jambo la maana. Lakini kinga hiyo ni ya rubani, haimwambii mwajiri lolote kuhusu jinsi mtu huyu atakavyotua usiku kwenye upepo wa ubavuni.

Mwaka 1976 Ronald Dore alichapisha kitabu The Diploma Disease, na Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi alizozichunguza. Alionyesha kwamba nchi zilizochelewa kuanza maendeleo ya kiviwanda ndizo zinazozama zaidi katika kudai vyeti vya juu kwa kazi zile zile. Jambo hilo linanitia wasiwasi kuhusu kwetu, ambako mafunzo ya urubani tayari ni ghali kupita uwezo wa familia nyingi. Chuo cha Soroti, Uganda, kilianzishwa mwaka 1971 chini ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ili kijana wa eneo hili apate leseni bila kwenda ng'ambo. Kumwongezea kijana huyo miaka minne ya chuo kikuu kabla ya kumfikiria ni kuamua mapema kwamba marubani watatoka katika nyumba chache.

Mashirika yetu yana vipimo vilivyo karibu zaidi na kazi: majaribio ya vipaji, simuleta, alama za mitihani ya nadharia, na rekodi kamili ya majaribio ya urukaji, yakiwamo yale ambayo mwombaji alishindwa. Marekani, baada ya Colgan, ilitunga sheria ya kuanzisha hifadhidata ambamo mwajiri huiona rekodi hiyo kabla ya kuajiri. Mamlaka zetu tatu zinaweza kuanzisha rejista ya pamoja ya namna hiyo, na gharama yake ni ndogo mno ukiilinganisha na ile tunayowabebesha vijana tunapowadai shahada.